Hifadhidata Inapogoma Kuanza
Mazungumzo kwa Makatibu na Makarani wa Vyama Wanachama



Mimi ni mkaguzi, si fundi. Lakini siku hizi leja za vyama vingi zimo ndani ya kompyuta, na kompyuta isipozitoa mkaguzi hana cha kukagua.

Jumamosi moja nilikuta chama cha akiba na mikopo karibu na Mtaa wa Msimbazi kimejaa wafanyabiashara wa Kariakoo, wakingoja mikopo ya kununulia mzigo. Umeme ulikuwa umekatika usiku. Uliporudi kompyuta iliwaka, ila hifadhidata haikuanza. Hifadhidata kama ile huwekwa katika Windows kama huduma, yaani huanza yenyewe mashine iwashwapo, bila kumngoja karani. Fundi aliyeitwa alikuwa tayari kuifuta na kuiweka upya. Nikamsihi angoje, maana nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Leja ingefutika, ushahidi wa amana za miezi hiyo ungebaki katika stakabadhi za wanachama, tena wale waliozitunza.

Tukafungua daftari la matukio la mashine. Liliandika namba 1069, maana yake huduma imekataliwa kuingia, pamoja na jina la mweka hazina. Ndipo Katibu alipokumbuka: wiki mbili kabla, mweka hazina aliacha kazi, na Kamati ikaamuru neno lake la siri libadilishwe. Amri njema kabisa! Lakini huduma ile ilikuwa chini ya jina lake, na Windows haiipelekei huduma neno jipya. Madhali mashine haikuzimwa, hakuna aliyegundua. Umeme ndio uliobeba lawama. Neno jipya likaandikwa katika dirisha la huduma, na kabla ya adhuhuri mikopo ikatolewa.

Kwa hiyo nawaombeni, huduma ipewe jina lake yenyewe, lisiwe la mtumishi. Abadilishaye neno la siri aizime huduma na kuiwasha siku hiyo hiyo, aone kwa macho yake. Mkiona namba 1067, programu ilianza ikafa: someni daftari la hifadhidata yenyewe, na mtazame kama diski imejaa. Nakala nayo itunzwe nje ya jengo. Moto wa Soko la Kariakoo wa Julai 2021 hatujausahau.

Chama kisichojua huduma yake iko chini ya jina la nani kije ofisini kwangu Jumatano. Mwenyekiti aje na karani, asije peke yake.