Jumla Imetoka Wapi?

Nimewahi kusoma hewani jumla ya bajeti ya halmashauri moja, kumbe mistari miwili ya mwisho, ya zahanati, haikuhesabiwa. Jedwali la kompyuta lilikuwa safi kabisa. Sikuuliza jumla imetoka wapi.

Najifariji kwamba wakubwa nao huteleza. Mwaka 2010 wachumi Reinhart na Rogoff waliandika kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao husinyaa kwa wastani wa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya waliotaka kubana matumizi wakaishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, akapewa faili lenyewe. Fomula ya wastani ilisoma mstari wa 30 hadi wa 44, na takwimu ziliishia wa 49! Nchi tano nje, Ubelgiji ikiwamo. Hilo peke yake halikuwa kosa kubwa kuliko yote, yalikuwapo mengine. Yote yaliposahihishwa, uchumi ulikuwa umekua kwa asilimia 2.2.

Herndon aliona kwa macho. Faili lenye seli elfu kumi je? Hapo huandikwa programu fupi: inasoma fomula ya seli, inatoa seli zinazotegemewa, nazo inazifuata, hadi ifikie tarakimu iliyochapwa kwa mkono. Excel ina amri yake ya kuitwa na programu.

Mimi sikuwa na programu. Nilipigiwa simu na mganga wa zahanati.