Banda Kavu la Njiwa wa Mbio: Hesabu Nafasi Kabla ya Kununua Ndege

Maelezo yafuatayo yalitolewa na afisa wa mifugo mbele ya wakazi na vijana wafugaji wa njiwa katika kikao cha wadi mjini Mombasa. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Njiwa wengi wa mitaani, kuanzia Likoni hadi Kisauni, hulala katika masanduku yaliyopigiliwa ukutani, juu ya mlango wa jikoni au pembeni mwa paa. Njiwa wa kawaida huvumilia sanduku kama hilo. Akilowa usiku, asubuhi huota jua na siku huendelea. Njiwa wa mbio hana nafasi hiyo, kwa sababu huyu ni mwanariadha. Akitolewa Voi, ana zaidi ya kilomita 140 za kukata kwa mkato wa angani. Ndege mwenye afya aliyefunzwa vizuri hukata kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kwa hiyo safari hiyo ni ya kama saa mbili bila kutua. Kazi hiyo yote hufanywa na mapafu na vifuko vya hewa ambavyo usiku kucha vilikuwa vinavuta hewa ya banda. Banda likiwa na unyevu, mbio zimeshapotea kabla ndege hajatiwa kwenye kapu.

Unyevu hufanya kazi yake kimyakimya. Kinyesi kikiwa kikavu, huvunjika mkononi kama chaki na ni rahisi kukwangua. Kikilowa, hutoa amonia, ile gesi inayochoma macho na pua, na ndege hulala humo saa kumi na mbili kila siku. Vimelea vya koksidia, ambavyo hutoka na kinyesi, vinahitaji joto na majimaji ili viive na kuweza kuambukiza ndege mwingine, na vikivipata hukamilisha jambo hilo kwa siku moja au mbili. Joto la Pwani halina uhaba. Kinachobaki mikononi mwa mfugaji ni kuyanyima vimelea hayo majimaji. Mahindi na mtama navyo, vikihifadhiwa ndani ya banda lenye unyevu, huota kuvu, na habari za sumu ya aflatoksini hakuna mkazi wa Kenya asiyezijua.

Basi jambo la kwanza ni mahali na mwelekeo. Hapa Mombasa mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi, na mvua hiyo huja na upepo wa kusi kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Banda lenye uwazi upande huo litapigwa mvua hadi kwenye viota, hata paa likiwa zuri namna gani. Ukuta wa kusini uwe umezibwa kabisa. Uso wa banda uelekee kaskazini-mashariki: hapo ndege hupata jua la asubuhi, na kuanzia Desemba hadi Machi hupata upepo wa kaskazi, ambao kwa kawaida ni mkavu. Paa litokeze mbele angalau nusu mita ili matone yasirudi ndani. Nyumba nyingine zitazuia mpango huu, maana viwanja vya mjini ni vidogo na kuta zimebanana. Kama uso hauwezi kuelekea huko, mfugaji aongeze urefu wa paa upande wa mvua na aweke turubai la kushusha jioni, ila asiligeuze turubai kuwa ukuta wa kudumu, kwa sababu litazuia hewa.

Sakafu ndiyo hukosewa zaidi. Wengi huona saruji ni kitu cha fahari, lakini saruji iliyomwagwa juu ya udongo hunyonya majimaji kutoka chini isipotandikiwa karatasi nzito ya nailoni, na jiwe la matumbawe lina tabia hiyo hiyo. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, nusu mita au zaidi kutoka ardhini, hubaki kavu kwa sababu upepo hupita chini yake. Pia huonekana kwa macho panya wanapoanza kuchimba. Nguzo zizungushiwe bati laini ili panya na nyoka wateleze.

Juu ya paa kuna mabishano ya siku zote kati ya makuti na mabati. Makuti hupoza, na hilo si dogo saa saba mchana, lakini hufuga panya, wadudu na vumbi, na yakizeeka huvuja mahali ambapo hapaonekani. Mabati hayavuji yakipigwa vizuri kwa misumari yenye raba, lakini huchoma, na hewa ya chumvi huyala upesi kwa wanaokaa karibu na ufuo. Kwa njiwa, mabati yana nafuu, mradi chini yake iwekwe dari ya mbao nyembamba na kuachwe nafasi ya hewa kati ya dari na bati. Anayetaka ubaridi wa makuti anaweza kuyatandaza juu ya bati, ambako yatakuwa kivuli tu. Huko Ubelgiji, nchi ambako mchezo huu ulikua katika karne ya 19, mabanda mengi huezekwa kwa vigae kwa sababu hewa chafu hupenya katikati yake na kutoka. Kanuni hiyo inafaa hapa pia: hewa safi iingie chini upande wa mbele, hewa yenye joto itoke juu upande wa nyuma, na katikati ndege wasipigwe na upepo mkali wakiwa wamelala.

Kipo kipimo rahisi cha ukavu kisichohitaji fedha. Jioni tandaza ukurasa wa gazeti sakafuni, kwenye kona iliyo mbali na mlango, ufunike kwa kibao chenye matundu ndege wasiuchafue. Asubuhi ushike. Ukilia kama karatasi mpya, banda ni zuri. Ukiwa umelegea kama kitambaa, hewa haizunguki au maji yanaingia, na sababu itafutwe kabla ya kununua dawa yoyote.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo vijana wengi hupoteza fedha, kwa sababu huanza na ndege kisha hujenga banda kuwafuata. Hesabu ianzie kwenye banda. Kwa joto la Pwani, kila mita 1 ya ujazo isibebe zaidi ya njiwa 2. Chukua banda la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Hizo ni mita 12 za ujazo, yaani njiwa 24 na si zaidi. Mfugaji akisikia 24, hufikiri ana ruhusa ya kununua jozi 12. Hapana. Njiwa hutaga mayai 2, huyaatamia kwa siku 18 hivi, na makinda huanza kujitegemea wakiwa na wiki nne au karibu na hapo. Jike huwa ameshataga tena kabla hata makinda wa kwanza hawajaondoka kiotani. Jozi 6 ni ndege 12, duru moja ya makinda ni 12 wengine, banda limejaa. Duru ya pili ikianguliwa, ndege ni 36 mahali pa 24, na hapo ndipo kikohozi, kuhara na ugomvi wa madume huanza. Mfugaji husema amerogwa au ameuziwa ndege wabovu, kumbe amewasonga.

Kwa hiyo anayejenga banda la ukubwa huo aanze na jozi 4, au 6 ikiwa amekwisha kupata mtu wa kuchukua makinda. Aligawe banda vyumba viwili kwa wavu: wazazi upande mmoja, vijana upande wa pili. Kila jozi ipewe kijumba cha upana wa sentimita 70 hivi, kimo na kina cha sentimita 40, ili jike aweze kutaga upande mmoja huku makinda wakimaliziwa upande mwingine. Vibao vya kutulia viwe vingi kuliko ndege. Njiwa hulinda kibao chake kama mtu alindavyo kitanda chake, na asiye na kibao hulala sakafuni, kwenye uchafu. Kimo cha banda kisizidi mkono wa mtu mzima ulionyooshwa. Dari ikiwa juu mno, ndege hawashikiki na huwa na hofu.

Waya nao uchaguliwe kwa makini. Wavu wa kuku wa matundu makubwa hauzuii panya, wala mdomo wa kunguru. Kunguru wa Mombasa hahitaji kutambulishwa. Mayai na makinda ni chakula chake, na hujifunza saa ambayo mlango huachwa wazi. Wavu mzito wa matundu madogo hugharimu zaidi mara moja tu. Mbu pia hueneza ndui ya njiwa, kwa hiyo maji yasituame karibu na banda. Chombo cha maji ya kunywa kiwekwe mahali ambapo yakimwagika yatatoka nje, kwa sababu njiwa wakioga ndani ya chombo hulowesha sakafu yote kwa dakika tano.

Afya ya mwenye banda isisahauliwe. Vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa linaweza kuyaumiza mapafu ya mtu aliyelivuta kwa miaka mingi. Kikohozi kikavu na kukosa pumzi saa chache baada ya kusafisha ni dalili za kupelekwa hospitalini, na daktari aambiwe wazi kwamba nyumbani kuna njiwa. Kinyesi cha zamani kinaweza kuwa na kuvu hatari kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Kukwangua kufanywe kila siku, kabla kinyesi hakijarundikana, na kwa kuvaa barakoa. Banda lisiwe dirishani mwa chumba cha kulala cha watoto, wala dirishani mwa jirani. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Ugomvi mwingi wa njiwa mitaani hauhusu njiwa wenyewe, huhusu harufu.

Bei za ndege zinavutia watu, na hilo linaeleweka. Mwezi wa Novemba 2020 jike mmoja wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa yuro milioni 1.6. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima na huenda imewauza njiwa wengi wasio na lolote. Hapa kwetu mtu aliye na fedha kidogo atafaidika zaidi akiziweka kwenye mbao, bati na wavu, kisha aombe makinda kwa rafiki.

Na ni makinda hasa wanaofaa kuanzia. Ndege mzima aliyenunuliwa atarudi kwa mwenyewe siku atakayofunguliwa. Kinda aliyehamishwa akiwa na wiki nne au tano hulijua banda jipya kuwa ndilo kwao. Awekwe siku kadhaa kwenye kizimba cha waya mbele ya banda ili aone mtaa, miti na paa za jirani. Afunguliwe mara ya kwanza jioni, akiwa na njaa, na aitwe kwa sauti au filimbi ile ile ya wakati wa kulishwa. Akishazoea kuzunguka juu ya nyumba na kuingia mara moja anapoitwa, apelekwe Mazeras, kisha Mariakani, kisha mbali zaidi.

Kuingia mara moja kuna maana yake katika mashindano. Mabanda hayako umbali mmoja na mahali ndege walikofunguliwa, kwa hiyo mshindi hupatikana kwa kugawa umbali wa kila banda kwa dakika alizotumia ndege, na saa husimama ndege akiwa ndani. Anayekaa juu ya bati dakika kumi akilitazama banda lake anapoteza mbio ambazo mabawa yake yalishazishinda. Ndege hufanya hivyo pale anapojua kwamba ndani kuna joto, maji sakafuni na dume jingine kwenye kibao chake.

Wanaopanga kujenga kabla ya masika wanaweza kumfikia afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yao wakiwa na vipimo vya kiwanja na idadi ya ndege walio nao sasa.