Kitambulisho Kabla ya Petroli

Safari ya pikipiki kupitia nchi kavu ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya huanzia kwenye mfuko wa shati, pale kitambulisho kinapokaa, kabla ya kufika kwenye tangi la petroli. Kwa mwendeshaji anayetoka Nairobi au Thika, kukitoa hakuchukui hata dakika moja. Kwa kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, kukipata kumechukua miezi, mara nyingine miaka, na wako waliozeeka wakikingoja. Ndiyo maana tangazo la serikali lililotolewa Wajir Jumatano, Februari 5, 2025, la kuondoa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani, linamhusu hata mtu ambaye hana haja nyingine ila kupanda pikipiki na kwenda kuona nchi yake. Tangazo limesikika. Wasiwasi uliobaki ni kama litasikika pia kizuizini.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370 za lami, kupitia Thika, Mwingi, Ukasi na Bangale. Baada ya Mwingi vilima huisha, migunga hutawala, na joto huanza kupanda kutoka kwenye lami yenyewe. Kisha huja Madogo, mji ulio upande wa Kaunti ya Tana River, kisha daraja la mto Tana. Hapo pikipiki huzimwa. Helmeti huvuliwa. Abiria wa mabasi hushuka na kupanga foleni, kila mmoja ameshika kadi yake kifuani ili ionekane mapema. Neno linalosemwa ni moja: lete kitambulisho. Mwenye kadi hupita. Mwenye karatasi ya kusubiri, ile iliyokunjwa mara nne hadi wino umefutika kwenye mikunjo, huambiwa akae kando. Kuna vijana waliokaa kando pale wakaangalia basi lao likiondoka.

Daraja hilo lina historia ndefu kuliko zege lake. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kuifunga nchi hii, na asiye na kibali hakuingia wala kutoka. Ile ya 1934 ikakaza zaidi. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walihakikiwa upya na kupewa kadi ya rangi ya waridi, kadi ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyetakiwa kuwa nayo. Matokeo yake yamebaki kwenye ndimi. Hadi leo wako wazee ambao wakivuka daraja kuelekea Nairobi husema wanakwenda Kenya. Hawatanii. Hivyo ndivyo walivyofunzwa na kizuizi.

Siku hizi kitambulisho hakidaiwi na askari peke yake. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na bila laini hakuna M-Pesa, wala pesa ya kununulia petroli njiani bila kubeba noti mfukoni. Leseni ya udereva hupatikana kwa eCitizen, na akaunti ya eCitizen hufunguliwa kwa nambari ya kitambulisho. Ada za mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kwa njia hiyohiyo, na anayetaka kulipa kama raia huonyesha kadi ya raia. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa kando ya Tana, ambaye babu yake alinywesha ngamia mahali palipo mbuga leo, hawezi kuilipia mbuga hiyo kama Mkenya hadi mtu fulani ofisini akubali kwamba yeye ni Mkenya. Wapo pia maelfu ambao wazazi wao waliwaandikisha kwenye kambi za Dadaab wakati wa ukame ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi. Kufutwa kwa msasa hakufuti orodha hiyo. Hilo linahitaji tangazo lake.

Karatasi zikiwa tayari, linalofuata ni majira. Wafugaji huugawa mwaka mara nne: jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, gu, mvua ndefu za kuanzia Machi au Aprili, hagaa, miezi mikavu ya katikati ya mwaka yenye upepo, na deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Msafiri wa pikipiki anafaa kusafiri wakati wa hagaa. Jilaal barabara ni kavu, lakini joto la mchana Garissa hupita nyuzi 35 na mwendeshaji hukauka bila kujua, kwa sababu upepo hunyonya jasho kabla halijatiririka.  Wakati wa Ramadhani hoteli nyingi za njiani hufungwa mchana, na mgeni mwenye adabu hanywi maji yake katikati ya soko.

Wakati wa mvua, safari haifai. Udongo mweusi huganda kwenye magurudumu hadi yanakataa kuzunguka, na laga, mito mikavu inayojaa ghafla, hufurika kwa mvua iliyonyesha mbali sana, mahali ambapo msafiri hakuona hata wingu. Mnamo Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Tana yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakavushwa kwa boti, na wengine wakapoteza maisha boti ilipozama. Barabara kuu pekee ya kuufikia mji kutoka Nairobi ilikatwa mara mbili ndani ya miezi sita. 

Kaskazini ya Garissa, njia ya Modogashe na Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na kuna sehemu za mchanga na changarawe zilizochimbika mawimbi kwa magurudumu ya malori. Hapo mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni mwendo mzuri. Barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, ya takriban kilomita 740, inajengwa, sehemu yake kwa fedha za Benki ya Dunia, na vipande vya lami vinaonekana. Watu wa huku wamejifunza kuhesabu lami iliyolala chini. Ile ya hotuba hawaihesabu.

Hatari ipo, wala haifichiki. Mabomu ya kutegwa barabarani yameua askari na raia upande wa Liboi, Elwak, Mandera na msitu wa Boni. Safari ya usiku haifai kabisa, na amri za kuzuia pikipiki kutembea usiku zimewahi kutolewa katika kaunti hizi. Kabla ya kila kipande cha njia, msafiri humuuliza chifu, polisi na madereva wa malori waliotoka huko asubuhi hiyohiyo. Neno la dereva wa lori la miraa au la mifugo lina uzito kuliko ramani. Lakini barabara hiyohiyo ina habari nyingine, isiyotajwa kwenye maonyo ya usafiri ya Uingereza na Marekani. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na Elwak. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016. Anayepanga safari ya huku na aliandike jina hilo kando ya majina ya vituo vya mafuta.

Kuhusu mafuta, pikipiki ya injini ya CC 150 hutumia takriban lita mbili na nusu kwa kilomita 100 za lami, na zaidi kwenye mchanga. Zile kubwa za watalii hutumia maradufu. Nje ya miji mikubwa petroli huuzwa kwa chupa na mitungi, na huchujwa kwa kitambaa kabla ya kutiwa, kwa maana vumbi hutangulia kila kitu. Maji ni lita tano au sita kwa mtu kwa siku, bila kuhesabu ya kupikia. Filta ya hewa husafishwa kila jioni. Mwiba wa mgunga hupita kwenye tairi kama sindano kwenye leso, hivyo tyubu mbili za akiba, viraka na pampu ya mkono havina mjadala. Chakula cha njia hii kinajulikana: nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Haiozi kwa joto, na kijiko kimoja na anjera humfikisha mtu jioni.

Mbuga zenyewe zinahitaji ukweli mmoja kusemwa mapema. Kwa kawaida pikipiki haziruhusiwi ndani ya mbuga zenye simba, nyati na ndovu, kwa hiyo mpango mzuri ni kuulizia langoni mapema, kuiacha pikipiki mahali salama na kuchangia gari.

Kora ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Iko ukingo wa kusini wa Tana, magharibi ya Garissa, na ina kile ambacho watu huvuka bahari kukitafuta: vilima vya mawe matupu vinavyochomoza kwenye kichaka bila kutangulizwa na mteremko, na mto unaojibana kati ya miamba hadi unanguruma. Hapo ndipo George Adamson aliporudisha simba porini kwenye makao yake yaliyoitwa Kampi ya Simba, na hapo ndipo alipouawa na majambazi Agosti 20, 1989. Kaburi lake liko hukohuko.

Kusini ya Garissa, karibu kabisa na mji, twiga wenye madoa kama wavu hutembea kati ya boma za watu pale Bour-Algi, na watoto wa shule hawageuzi hata shingo. Mbele zaidi, Arawale ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, swala mwenye alama kama miwani chini ya macho, ambaye idadi yake duniani inakadiriwa kuwa chini ya 500. Huko Ijara, hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilimjengea hirola uzio mwaka 2012. Jamii ya wafugaji ilitoa malisho yake kwa hiari, jambo ambalo mataifa tajiri huliandikia vitabu. Hifadhi hiyohiyo ilijulikana kwa twiga weupe. Jike na ndama wake walipatikana wameuawa Machi 2020, akabaki dume mmoja.

Malka Mari, kwenye mto Daua mpakani na Ethiopia, ndiyo yenye mabonde ya miamba na mikoma inayostahili safari ya wiki nzima. Kwa sasa haifai kupangiwa safari, na Boni vilevile. Anayetaka kuona korongo bila hofu huteremka na Tana kupitia Bura, Hola na Garsen hadi Malindi, kisha Marafa, ambako mvua imechonga udongo mwekundu na mweupe kuwa minara, mahali Wagiriama wanapaita Nyari. Njiani liko eneo la hifadhi la nyani wa Tana, lililotengwa 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu na jamaa zake.

Nchi hii basi ina mbuga, ina mto, ina wanyama wasiopatikana kwingine, na ina vijana wanaojua kila laga kwa jina. Vijana hao ndio waongozaji, ndio mafundi wa panchari, ndio wenye pikipiki. Wanachokosa ni kadi. Ofisa wa usajili aliyeko Garissa, Dadaab, Ijara au Elwak asingoje waraka wa pili baada ya tangazo. Afungue dirisha, apokee fomu. Chifu asidai kilichofutwa. Askari wa darajani aliyezoea kuuliza maswali matano aulize moja, lilelile analomuuliza mtu wa Mwingi. Na wazazi wasikae nyumbani wakisubiri kuona kama ni kweli: mpelekeni kijana wiki hii, na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, mkae kwenye foleni hadi aandikishwe. Akikataliwa, mwulizeni aliyemkataa jina lake, na mliandike.