Safu ya Chini

 

Nimeombwa nizungumzie uaminifu katika biashara. Nitashika kipande kimoja tu, kile nilichokifanyia kazi maisha yangu yote: vitabu vya hesabu. Nataka tuulizane kwa nini kampuni moja huandika hasara mara inapoinusa, na nyingine huifunika mpaka mtaa mzima unaisikia harufu.

Tuanzie hapa hapa mlangoni kwetu Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Mei 2022 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikaishusha tena, safari hii kwa asilimia 44. Wengi wenu mlikuwa na mali kauli ng'ambo ya mto Songwe. Mchele ulishavuka, ulishaliwa Karonga, fedha bado ziko mikononi mwa mteja. Aliyekuwa anadai kwacha milioni mbili aliamka akidai milioni zile zile mbili, ila haziwezi tena kununua alichokuwa amekihesabu moyoni. Sasa kwenye daftari unaandika nini? Yupo aliyepiga hesabu upya usiku ule, akaiona hasara, akaiandika, akapunguza manunuzi ya msimu uliofuata. Yupo aliyeacha namba za zamani zikae kwa imani kwamba kwacha itarudi. Na hata yule wa kwanza alikuwa na mtihani mwingine, maana pale mpakani viwango vya kubadilisha fedha ni viwili, cha benki na cha mkononi. Cha benki kinapendeza kwenye karatasi, lakini kama hakuna atakayekupa shilingi kwa kiwango hicho, umeandika fedha ambayo hutaishika.

Miaka miwili haikupita tukapata somo jingine. Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, ndizi, tangawizi na mahindi kutoka nje. Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao yao, na mwanzoni mwa Mei tukaondoa zuio letu. Ndizi hazingojei kikao cha mawaziri. Mwenye lori lililokwama alijua siku ya tatu kwamba mzigo umekwisha. Je, aliyemkopesha mtaji alijua siku gani?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Wahasibu wana neno lao, tahadhari, na maana yake ni nyepesi: faida isubiri ushahidi, hasara isisubiri. Mpunga ulioununua kwa bei ya mavuno uuandike kwa bei hiyo, hata kama una hakika utapanda Januari. Bei ikianguka chini ya uliyonunulia, uandike kwa hiyo ya chini, leo, wala si siku utakapouza. Ninyi wa kakao mnaelewa vizuri. Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000 katika soko la dunia, na mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa imeporomoka hadi takriban nusu. Aliyekuwa amejaza ghala kwenye kilele na akaendelea kuandika bei ya kilele, hakuwa na utajiri ule. Alikuwa na karatasi.

Naomba niwasimulie jambo langu mwenyewe. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya mpunga, ambayo sitaitaja. Mwaka ule mto ulifurika kama kawaida yake, maji yakaingia ghalani usiku, yakatoka. Siku ya kuhesabu mali nilipanda juu ya rundo na kijana mmoja kibarua. Juu magunia yalikuwa makavu, yananukia kama mpunga wa Kyela unavyonukia. Yule kijana akaniambia, "Mzee, hebu shuka uguse huku chini." Nikaingiza mkono kwenye safu ya chini. Gunia lilikuwa na joto, kama mwili wa mtu mwenye homa. Nilipochoma bambo, ilitoka punje nyeusi iliyoshikamana na chipukizi jeupe. Tulihesabu magunia 140 ya namna hiyo.

Nikayaandika kwenye karatasi ya pembeni, nikapeleka ofisini. Nikaambiwa kwa upole kabisa, kwa sababu watu wa namna hii huwa wapole, kwamba yale 140 tutayaondoa vitabuni mwakani. Mwezi ule benki ilikuwa inangoja hesabu ili iongeze mkopo. Nami nikayaandika kuwa mazima.

Mkopo ulitoka, ukanunua mpunga zaidi, na shimo likawa pana zaidi. Miezi kumi na minne baadaye kampuni ilipofunga milango, benki ilikuwa na hati ya nyumba iliyowekwa dhamana mkononi, ikauza, ikapata chake. Waliobaki mikono mitupu ni wakulima waliotoa mpunga kwa ahadi, na vibarua wa kupakia, akiwamo yule aliyeniambia niguse chini. Nilimkuta sokoni baadaye. Alinisalimia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nimekaa miaka mingi nikijiuliza nini kiliuongoza mkono wangu siku ile. Ningependa kusema ni woga wangu tu, na woga ulikuwapo. Lakini nimeona watu waaminifu wakiandika uongo, na nimeona watu wa kawaida, wasio watakatifu hata kidogo, wakiandika ukweli mchungu bila kusukumwa. Tofauti ilikuwa kwa wale waliosimama karibu na kitabu.

Wa kwanza ni mkopeshaji. Anayekukopesha milioni kumi atarudishiwa kumi na riba yake, hata ukitajirika namna gani. Lakini ukianguka, anaweza kuanguka nawe. Kwa hiyo yeye hana njaa ya habari njema, anazitafuta mbaya. Benki inayotuma ofisa wake aje agonge magunia kila mwezi huifanya kampuni iandike kwa tahadhari, kwa sababu kudanganya hakufai kitu. Benki inayokaa mbali ikitaka karatasi peke yake hufundisha kinyume: masharti ya mkopo yakisema faida isishuke chini ya kiasi fulani, namba zitapambwa ili zisishuke. Sharti ni lile lile, kinachobadilika ni kama kuna jicho nyuma yake.

Wa pili ni mamlaka ya kodi, na hapa naomba tusemane ukweli kama ndugu. Wapo kati yetu wenye vitabu viwili, kimoja cha TRA chenye faida kiduchu, kingine cha benki kilichonona. Na mtu akiulizwa kuhusu kile cha kwanza, husema ni tahadhari. Si tahadhari. Kuficha mauzo ni wizi wa dawati la mtoto wa shule yetu hapa Njisi na dawa ya zahanati yetu. Tahadhari humlinda asiyekuwapo chumbani, na kitabu cha namna hii humwibia. Kodi yenyewe ina ukali wake: haikubali upunguze mapato kwa deni ulilolishuku tu, inataka uonyeshe kwamba umechukua hatua za kulidai na huna tumaini la maana la kulipwa. Ndiyo maana mfanyabiashara mwingine huona kuandika hasara mapema hakumpunguzii kodi, akaliacha deni lililokufa likae kitabuni kana kwamba linapumua. Asifanye hivyo. Hesabu ya kodi ina ukurasa wake, na ukweli wa biashara una wake.

Wa tatu ni meneja mwenyewe, na namna anavyolipwa. Ukimwambia bonasi yako inatoka kwenye faida ya mwaka huu, umemwambia asiyaone magunia ya chini. Atakapokuwa ameondoka, hasara itamkuta mwingine. Pale ambapo mwenye mali, meneja na mwenyekiti wa bodi ni mtu mmoja, au ni baba, mwana na shemeji, hakuna wa kumwambia ashuke aguse. Mkaguzi wa nje angeweza, kama anaogopa kupoteza jina lake kuliko anavyoogopa kumpoteza mteja. Tuna Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu tangu 1972, na kwa vyama vya ushirika tuna COASCO tangu 1982. Vyombo vipo. Lakini mkaguzi huja mara moja kwa mwaka. Siku zile nyingine zote ni zetu.

Sasa nifike kwa msimamaji wa mwisho, ambaye hatupendi kumtaja, kwa sababu ni sisi.

Mwaka 2016, nchini Kenya, Chase Bank ilichapisha hesabu zake, kisha ndani ya siku chache ikachapisha nyingine. Katika zile za pili, mikopo waliyopewa watu wa ndani ya benki ilionekana kubwa mara kadhaa kuliko ilivyosomeka mwanzo. Wenye akiba wakakimbilia kutoa fedha zao, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki ile chini ya msimamizi maalumu. Ilifunguliwa tena mwishoni mwa mwezi ikiwa chini ya usimamizi wa KCB. Wengi huisimulia habari hii kama funzo kwamba ukweli unaua benki. Mimi naisoma vingine. Ukweli ulioingia kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, ungewakasirisha wenye hisa na kumtoa mtu kitini. Ulioingia kwa siku moja uliwakuta maelfu ya watu na karo za watoto zikiwa ndani.

Lakini tukubali pia kwamba sisi humwadhibu anayesema mapema. Katika mkutano mkuu, kiongozi anayesimama na kusema, "Ndugu wanachama, mwaka huu tumetenga fedha kwa ajili ya madeni ambayo huenda yasilipwe, kwa hiyo gawio litakuwa dogo," tunamzomea. Anayesema gawio limepanda, tunampigia vigelegele na kumchagua tena, wala hatumuulizi limepanda kutoka wapi. Meneja yeyote mwenye akili husoma uso wetu kabla ya kuandika. Tumekuwa tukimfundisha kazi bila kujua.

Na bei ya kutojua tunaifahamu upande huu wa nchi. Ufuate ufukwe wa Ziwa Nyasa mpaka Mbamba Bay, upande milima, unafika Mbinga. Mei 2017 Benki Kuu yetu iliifunga Mbinga Community Bank. Januari 2018 ikazifunga tano kwa mpigo, mojawapo Njombe Community Bank. Sababu iliyotangazwa ni upungufu wa mtaji, na sisemi kwamba vitabu vyao vilidanganya. Nasema tujue mtaji ni nini: ni tuta linalopokea maji ya hasara kabla hayajafika kwenye shamba la mweka akiba. Mikopo chechefu hulila tuta hilo taratibu. Ukiiandika mapema, unaona tuta limebaki kiasi gani na unaweza kuongeza udongo. Wakati ule kikomo cha fidia ya Bima ya Amana kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mweka akiba. Tangu 2023 kikomo ni milioni 7.5. Aliyekuwa wakati ule na akiba ya milioni nane ya kujengea, alipewa moja na nusu na akaambiwa asubiri ufilisi.

Hata wakubwa wa dunia wamejifunza jambo hili kwa kuumia. Bodi ya kimataifa inayotunga kanuni ambazo nchi yetu inazifuata tangu 2004 ililiondoa neno tahadhari katika mwongozo wake mwaka 2010, kwa hoja kwamba hesabu zisiegemee upande wowote. Mwaka 2018 ikalirudisha. Na tangu Januari mwaka huo huo mabenki hayangoji tena mkopaji ashindwe kulipa ndipo yatenge fedha. Hutenga tangu siku ya kukopesha, kwa kukisia hasara inayoweza kuja. Mabibi zetu wa VICOBA walikuwa na wazo linalofanana na hilo katika mfuko wao wa jamii, wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la mikono, si la maneno. Mkiitwa kwenye mkutano wa chama au SACCOS, msikubali kusomewa jumla ya madeni. Ombeni yasomwe kwa umri: ya mwezi, ya miezi mitatu, ya mwaka. Deni la mwaka lisilo na risiti hata moja, ulizeni kwa nini bado linaitwa mali. Ulizeni aliyehesabu ghala ni nani, na kama alishuka. Kiongozi akiwaletea habari mbaya kabla hamjaigundua, mnyamazieni mpaka amalize, kisha mpeni mkono.

Nami, kwa kuwa mmeniweka katika kamati ya usimamizi ya chama chetu cha ushirika, sitawaomba jambo ambalo sitaanza nalo. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Sisi tutahesabu ghala kabla yake, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nataka wanachama watano ambao si viongozi, wawili wakiwa akina mama, na yeyote miongoni mwa vibarua wa kupakia atakayependa. Ufunguo utakuwa mezani. Bambo litakuwapo. Tutaanza na safu ya chini.