Bega Linapoumia, Tusikimbilie Kulivuta

Hotuba ya mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya mbele ya mkutano wa hadhara wa kata



Nimeombwa nizungumze juu ya bega, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Katika kata hii ya wakulima na waendesha bodaboda, wenye maumivu ya bega ni miongoni mwa wanaonifikia wakiwa wamechelewa mno.

Naomba kila mmoja apitishe mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, aguse mgongoni. Mfupa mpana, bapa, wenye pembe tatu mnaougusa ndio kombe la bega. Ajabu yake ni kwamba haukuunganishwa na mbavu. Umelala juu yake, umeshikwa na misuli, na kiungo chake pekee na mifupa ya kiwiliwili hupitia mtulinga, ule mfupa mwembamba ulio mbele, chini ya shingo. Kwa sababu hiyo kombe huteleza na kuzunguka tuinuapo mkono: katika digrii 180 za kuufikisha juu kabisa, takribani 60 ni mwendo wa kombe lenyewe.

Pembeni mwa kombe pana kitako kidogo, tena si cha kina, ambapo kichwa cha mfupa wa mkono hukaa. Fikirini chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Uhuru wote tulio nao wa kutwanga, kurusha wavu au kusuka nywele tumeupata kwa gharama hiyo. Kinachozuia chungwa lisidondoke hasa ni misuli minne mifupi iliyoanzia kwenye kombe, ambayo kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa. Kano ya juu hupita katika upenyo mwembamba chini ya paa la mfupa, na hiyo ndiyo huchakaa kwanza.

Mtu mwenye kano iliyochakaa au kuchanika huumia zaidi mkono unapopita usawa wa bega, na usiku hawezi kulalia upande huo. Kwa watu wa makamo na wazee huweza kutokea pasipo kuanguka popote. Hapa nataka niseme jambo linaloniuma. Mama hupigwa picha ya eksirei, huambiwa mifupa ni mizima, akarudi nyumbani akaonekana mvivu kwa kuwa hawezi kujitwika ndoo. Eksirei huonyesha mifupa. Kano haionekani humo. Kano huonekana kwa altrasaundi, na mara nyingi mkono wa mpimaji mwenye uzoefu hutosha kuishuku. Kwa kuwa hupata damu kidogo, kano hupona polepole, kwa miezi, na mazoezi ndiyo dawa yake ya kwanza.

Sasa nije kwenye ajali. Mwaka jana nilimpokea kijana aliyeanguka na pikipiki. Bega lilikuwa limepoteza umbo lake la mviringo, wenzake wakaamua limeteguka, wakamvuta mara tatu palepale barabarani. Kumbe shingo ya mfupa wa mkono ilikuwa imevunjika. Alipofika kwetu, ngozi ya upande wa nje wa bega ilikuwa imekufa ganzi, dalili ya neva iliyoumia. Kama iliumizwa na ajali au na kule kuvutwa, hakuna awezaye kusema, naye hata leo mkono haujainuka sawasawa.

Simdharau fundi wa mifupa. Wazee wetu walimtegemea. Lakini kwa kutazama na kugusa tu si rahisi kutofautisha bega lililoteguka na lililovunjika. Kwa hiyo msilivute wala kulichua. Kunjeni khanga pembe tatu, mkono uning'inie kifuani katika hali anayoiona mgonjwa kuwa na nafuu, kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Bega lililoteguka likikaa siku nyingi, kulirudisha huwa kazi kubwa.

Kuvunjika kwa kombe lenyewe ni nadra, chini ya kimoja katika kila mivunjiko 100. Mfupa huo umefunikwa na misuli minene, hivyo huhitaji kishindo kikubwa, kama cha gari au kuanguka kutoka mnazini. Kishindo cha namna hiyo huweza pia kuvunja mbavu na kuumiza mapafu. Anayelalamika mgongo wa bega baada ya ajali, huku akihema kwa shida, ni mgonjwa wa dharura, hata kama anatembea. Kombe lenyewe kwa kawaida huunga bila upasuaji.

Msije pia mkaufunga mkono miezi mitatu kwa huruma. Bega lisilotumika huganda, na wenye kisukari huganda upesi zaidi. Kulilegeza huweza kuchukua mwaka na zaidi. Tutawaambia siku ya kuanza kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo.

Anzieni zahanati, mganga atawaandikia rufaa inapobidi. Aliyewahi kupigwa picha aje nayo, hata ya zamani.

Nitabaki hapa chini ya mwembe hadi saa kumi. Mwenye bega linalomsumbua na asogee, tuanze na wazee.