MIKUTANO KWA NJIA YA PICHA: NJIA, STIMA NA HAKI YA MFANYAKAZI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kiganjo, Thika)



Kamati imeniomba niseme habari za mikutano inayofanywa kwa picha na sauti katika kompyuta na simu, kwa kuwa waajiri wengi siku hizi wanaipenda, na sisi twaitwa humo bila kujua mambo yanavyokwenda nyuma ya kioo. Mimi si fundi wa simu. Kazi yangu ni ya reli. Lakini mtu wa reli aweza kuyafahamu haya upesi, maana yote ni habari ya njia, mabehewa na saa. (Kama yuko mgeni aliyepotea, hii ni Kiganjo ya Thika, siyo ile ya Nyeri yenye stesheni kwenye njia ya Nanyuki.)

Jambo lenyewe si geni. Mwaka wa 1964 kampuni ya AT&T huko Marekani ilifungua vyumba vya simu yenye picha katika New York, Washington na Chicago. Dakika tatu za kwanza zilikuwa dola 16 mpaka 27 kwa kadiri ya umbali. Watu walistaajabu, kisha wakaenda zao bila kununua. Baada ya miaka mingi makampuni makubwa yakajenga vyumba maalum vya mikutano, kila kimoja na mtambo wake na laini yake ya kukodi, na mfanyakazi wa kawaida hakuingia humo ila kwa kufagia.

Huku kwetu shida kubwa ilikuwa njia ya kutoka nje ya nchi. Tangu 1970 tulikuwa na kituo cha setilaiti cha Longonot, na mpaka 2009 intaneti yetu karibu yote ilipitia angani. Setilaiti ya namna ile husimama kilomita kama 36,000 juu yetu. Basi neno lako hupanda kilomita 36,000 na kushuka nyingine 36,000 ndipo limfikie mwenzako, na jibu lake nalo husafiri vivyo hivyo. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde. Nusu sekunde ni kidogo ukingojea gari moshi, lakini katika mazungumzo ni nyingi: wewe wadhani mwenzako amenyamaza, waanza tena kusema, naye ndiyo kwanza aanza, mnagongana kama magari mawili kwenye njia moja.

Mwaka wa 2009 mambo yalibadilika. Mkongo wa TEAMS, unaotoka Fujairah huko Ghuba, ulifika Mombasa, na wa SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo huo. Mwaka wa 2010 ukafuata EASSy, unaopita pwani yote ya mashariki ya Afrika. Mikongo hii ni nyuzi za kioo, nasi twaziita faiba. Kutoka Mombasa faiba zilipanda bara kama reli ilivyopanda tangu 1896, tena wazee wetu wa kazi watakumbuka ya kwamba nyaya za simu zilikwenda sambamba na reli. Njia ya kubebea maneno na njia ya kubebea mizigo zimekuwa ndugu tangu zamani.

Sasa nieleze kidogo namna sauti inavyosafiri, maana hapa ndipo penye siri. Mtambo hukata sauti na picha yako vipande vidogo vidogo, kila kipande kikiwa na namba na anwani, mfano wa mabehewa yaliyofunguliwa, kila moja likiendeshwa peke yake. Ukituma barua na behewa moja likapotea, mtambo wa mbele husema, "Namba 7 haikufika," na hurudishwa tena. Barua inachelewa kidogo lakini inafika kamili. Katika mazungumzo sivyo. Behewa la sauti likichelewa hutupwa, kwa kuwa neno lililokwisha kupita halina faida. Kwa hiyo njia pana pekee haitoshi; yatakiwa njia yenye kutii saa. Ofisi zenye mafundi wazuri hupanga mitambo yao ili sauti ipite kwanza, na mizigo mingine ingoje pembeni, kama sisi tunavyoweka treni ya mizigo katika njia ya kupishania ili ya abiria ipite. Nyumbani kwako hakuna anayepanga hivyo. Mtoto akiwa anatazama sinema kwa laini ile ile, sauti yako yangoja pamoja na sinema.

Jambo la pili ni upande wa kupeleka. Kampuni nyingi hutangaza namna laini yao inavyoleta upesi, hazisemi sana namna inavyopeleka, na mara nyingi upande wa kupeleka ni mwembamba. Mkutano wataka pande zote mbili. Ndiyo sababu mtu aweza kumwona meneja wake vizuri sana, na meneja asimsikie yeye hata kidogo. Nawaomba mlishike hilo, nitalirudia.

La tatu, mahali mkutano unapokutania. Wewe uko Thika, mwenzako yuko Ruiru, lakini kompyuta inayowaunganisha yaweza kuwa Ulaya, basi maneno yenu yanashuka Mombasa, yanapita chini ya bahari, kisha yanarudi. Zamani hata barua za intaneti za Nairobi kwenda Nairobi zilipita ng'ambo. Mwishoni mwa 2000 makampuni ya intaneti yalifungua Nairobi kituo cha kubadilishana mizigo yao humu humu nchini, kiitwacho KIXP. Kilifungwa baada ya siku chache, kwa kuwa kampuni ya simu ya serikali ililalamika ya kwamba haki ya kazi ile ni yake peke yake. Kikafunguliwa tena 2002. Mwenye njia moja hapendi kuona njia ya pili, hilo sisi twalijua.

Halafu ukaja ugonjwa wa Korona. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa 13 Machi 2020, na kwa muda mfupi ofisi, shule na mahakama zikahamia katika Zoom na wenzake. Mwezi wa Aprili kampuni ya Zoom ilisema watu waliokuwa wakiingia mikutanoni mwake, kwa hesabu ya kila siku, walipita milioni 300 ulimwenguni, na mtu aliyeingia mara mbili alihesabiwa mara mbili. Ugonjwa ulipungua, lakini desturi ilibaki. Hakuna haja tena ya chumba maalum. Yatosha simu ya mkononi. Na hapa gharama ilihama kimya kimya. Zamani mwajiri alilipa chumba, mtambo na laini. Leo mfanyakazi analeta simu yake, bando lake na stima yake. Saa moja ya mkutano wenye picha safi yaweza kula gigabaiti moja au zaidi. Sijasikia mwajiri akiita hiyo kuwa posho.

Njia zenyewe zaongezeka, nakubali. Faiba zimeingia mitaani, Safaricom ilianza kuuza intaneti ya 5G mwaka wa 2022, na Starlink, ambayo setilaiti zake zazunguka karibu, kilomita mia chache tu, ilifungua kazi Kenya Julai 2023. Lakini Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu yetu ikiwamo, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Ikafungua tena 2025. Angani nako kuna msongamano. Hata baharini si salama: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, na Kenya, Uganda na hasa Tanzania zikaona intaneti ikitambaa kwa siku kadhaa.

Sasa nafika palipo na uchungu. Nilipata kumsindikiza mwenzetu mmoja, wa kampuni ambayo sitaitaja, aliyeitwa ajibu mashtaka kwa mkutano wa picha. Yeye alikuwa nyumbani, mimi mahali pengine, wakubwa watatu ofisini kwenye faiba. Yeye aliwasikia, wao walimsikia nusu nusu. Alipofika penye maelezo ya saa aliyoondoka kazini, stima ilipotea mtaani. Alirudi baada ya dakika ishirini kwa bando la jirani, akakuta mkutano umefungwa na kumbukumbu imeandikwa ya kwamba "hakuwa na la kuongeza." Alikuwa nalo. Njia ndiyo haikuwa nayo.

Ndugu zangu, Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri kabla ya kumwachisha mtu kwa makosa, au kwa kazi mbaya, au kwa afya, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama kazini, amchague mwenyewe, na maneno yao yasikilizwe. Sheria haikusema yapelekwe. Imesema yasikilizwe. Na mwakilishi aliye katika kisanduku kidogo pembeni mwa kioo, asiyeweza kumnong'oneza mwenzake, atamsaidiaje?

Mimi sisemi tuikatae mikutano hii. Mwanachama wa Nanyuki au Kisumu aweza kuhudhuria kamati bila kulala njiani, na hiyo ni faida ya kweli kwetu. Ninalotaka kamati ipeleke kwa waajiri katika mapatano yajayo ni haya. Shauri la kumwachisha mtu lifanywe uso kwa uso, ila mfanyakazi mwenyewe akitaka vingine kwa maandishi. Likifanywa kwa picha, mwajiri atoe chumba chenye laini nzuri hapo kazini, na mfanyakazi akae na mwakilishi wake chumba kimoja. Laini ikikatika, shauri lisimame, saa iandikwe, liendelee siku nyingine. Mkutano ukinaswa, mfanyakazi apewe nakala. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa haki ya kuziona habari zake. Na bando la mkutano wa kazi lilipwe na mwenye kazi.

Wakati huu, kwa yeyote atakayeitwa kabla mapatano hayajafika: zima picha yako sauti ikianza kukatika, maana sauti yataka njia ndogo sana kuliko picha. Sema wazi mwanzoni, "Naomba iandikwe kama siwasikii au hamnisikii." Uwe na karatasi, andika saa laini ilipokatika na iliporudi. Maelezo yako yaandike kamili na kuyapeleka kwa barua siku ile ile, hata kama umekwisha kuyasema. Katibu ana mfano wa barua hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yuko hapa mpaka saa kumi na mbili, na nakala ni bure.