Siku tulizima tovuti ya watu: maneno yetu mbele ya vijana wa Goma

Mlituomba tuwaeleze namna tulitoka kwa kutafuta kazi mpaka kuwa na ka-biro ketu ka kutengeneza tovuti. Tutasema yote, hata yale ya haya. Kila siku tunasema makosa ya leta. Leo tuko na letu pia.

Tulianza watatu. Tulikuwa tumemaliza informatique, diplome iko ndani ya bahasha, lakini ukweli ni kwamba kuandika programu tulijifunzia ubaoni. Profesa anaandika mistari, sisi tunakopi ndani ya kayé, na siku ya mtihani tunairudisha kwa karatasi, kwa bik. Karatasi haikuambii kama umesahau alama ya kufunga. Mashine inakuambia, tena haina huruma. Kwa hiyo kisha masomo tulirudi kuwa wanafunzi: mashine moja ya okazyo, batri imekufa, tunatumikia ndani ya kanyumba ka fotokopi huko Birere. Mchana tunawapigia wanafunzi TFC zao, ukurasa kwa ukurasa. Usiku, wakati mega zinakuwa za bei kidogo, tunajifunza: HTML kwanza, halafu CSS, halafu PHP. Wengi wanatuuliza kama iko lazima kujua hizi zote wakati WordPress iko, tena ya bure. WordPress ni nzuri, tunaitumia kila juma. Lakini siku tovuti inavunjika na mteja anapiga simu saa mbili ya usiku, mwenye hajui PHP anabaki anaangalia ukurasa mweupe.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya hoteli ndogo, dola 80. Hatukuandika kitu. Patron alisema «mnifanyie kitu cha muzuri», tukaitika. Basi kila juma anataka rangi ingine, picha ingine, mara aliona tovuti ya hoteli ya Dubai na anataka ikuwe vile. Ilichukua miezi mitatu. Tukitosha mega na moto, kila mmoja alibaki na dola kama 15. Tulikasirikia patron, lakini kosa lilikuwa letu: hatukumwambia kazi inaishia wapi. Tena hatukumwambia kama jina la tovuti na nafasi yake kwa server vinalipiwa kila mwaka. Mwaka ulipoisha, aliona kama tunamwibia.

Halafu ikakuja ile ya uchaguzi. Mnakumbuka: kura ilikuwa tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, karibu siku 20. Sisi tulikuwa na tovuti sita za kuangalia. Tulikuwa tunavuka mupaka kwenda Gisenyi na mashine ndani ya sakoshi, tunajibu wateja, tunarudi mbele mupaka haujafungwa. Tulipiga kelele sana wakati ule, na tulikuwa na haki. Mwenye kukata intaneti hamwazibu mpinzani peke yake: anamwaziba mama wa duka, mwanafunzi, mgonjwa mwenye anangoja makuta ya M-Pesa.

Sasa sikilizeni vile siye tulifanya.

Tulikuwa na shule moja kama mteja. Walilipa nusu, nusu ingine ikabaki: dola 120. Tuliomba mwezi, miezi miwili, mine. Kila mara ni «kesho», kila mara «wazazi hawajalipa». Siku moja lwayé ya biro ikatukaza, na mmoja wetu akasema: tuzime. Tulizima. Kwa ukurasa wa mbele tuliandika tovuti imefungwa ju ya deni. Jina la tovuti lilikuwa limeandikishwa kwetu, server ni yetu, nywila ni zetu. Shule haikuwa na namna.

Hatukuangalia kalenda. Ilikuwa juma la kuandikisha watoto. Wazazi waliofungua tovuti walifikiri shule yenyewe imefungwa. Prefe alikuja na moto, akaingia, akakaa, hakupiga makelele. Alitosha dola 40 kwa mfuko, akaziweka juu ya meza, akauliza kama hizo zinaweza kutosha kwa kuiwasha siku tatu.

Tuliiwasha saa ile. Lakini jioni, kwa mkutano wetu wa Jumamosi, mdada mmoja alituuliza mbele ya wote: ninyi na wale waliokata intaneti Desemba, tofauti yenu ni gani? Tulianza kujitetea, deni, haki yetu, lwayé. Alingoja tumalize. Akauliza tena swali lile lile. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatujalipata.

Kutoka pale tulibadilisha kazi. Jina la tovuti linaandikishwa kwa mwenyewe, hata kama ni sisi tunalipa na kadi. Nywila zote tunamkabizi ndani ya bahasha, anatia sinyatire. Tunaandika mapatano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kama mteja anapenda: kurasa ngapi, kubadilisha mara ngapi, bei ya kila mwaka ni ngapi. Nusu inalipwa mbele. Mwenye deni, tunaacha kumwongezea kitu kipya, lakini tovuti yake inabaki wazi. Ndiyo, kuna watu wawili walitukimbia na makuta hivyo. Tunawasalimia.

Jambo la mwisho, ju wengi mtalikuta. Tulipata kazi kubwa, dola 900, ya kwanza ya namna ile. Mwenye kushika dosye akatuambia: andikeni fakitire ya 1500, ile ingine mtanirudishia. Opération retour, mnaijua. Hakuona haya, aliisema kama mtu anayeomba maji. Tulilala juu ya ile neno siku mbili, tusiwadanganye. Biro ilikuwa nyuma miezi miwili. Tulikataa, kazi ikaenda kwa wengine, na mmoja wa wale watatu akatuacha. Hakukosa akili: ako na watoto wawili, sisi tuliobaki hatukuwa nao bado. Tukimkuta kwa njia tunasalimiana, lakini hatuongelei ile dosye.

Leo tuko wawili, na vijana wawili wa staji. Tunaangalia tovuti 31. Ile shule ingali kwetu. Ilimaliza deni kisha miezi saba.

Wenye kutaka kuanza, tunafungua biro kila Jumamosi kisha mkutano. Leteni mashine kama iko, na rallonge, ju prize ni mbili tu. Mwenye hana mashine akuje na kayé. Siye pia tulianzia pale.